Shauku ya Jana na Uhuru wa Kalamu: Swali la Kimaadili Katika Uandishi wa Kujitegemea

1.0 Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo zikiwekwa bega kwa bega hazipatani. Ya kwanza husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ya pili husema kwamba yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Ya kwanza humtaka mtu aishike jana yake kwa mikono miwili, kwa maana anayeiachilia hana pa kusimama. Ya pili humtaka aiachilie, kwa kuwa jana si maradhi ya kutafutiwa dawa. Wahenga hawakuona haja ya kuamua ni ipi iliyo ya kweli. Walizitumia zote, kila moja mahali pake. Kwa mwandishi, hata hivyo, mgongano huo haukwepeki, kwani kila anapoandika juu ya maisha yake ya zamani huwa amekwisha kuchagua upande, hata kama hakutambua.

Swali hili limepata uzito mpya kutokana na aina ya uandishi ambayo imestawi tangu miaka ya mwisho ya karne ya ishirini. Watu wasio na mchapishaji wala mhariri wameandika katika intaneti insha fupi na ndefu kuhusu utamaduni, mitambo, jamii na, zaidi ya yote, kuhusu utoto wao. Mmoja hueleza redio iliyokaa juu ya kabati la babu na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mwingine huikumbuka barua iliyosubiriwa kwa majuma matatu. Wa tatu hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza nje. Wahakiki wengi wameupita uandishi huu kando, kwa hoja kwamba haujapimwa katika mizani ya mchapishaji yeyote.

Makala haya yanadhamiria kuuliza maswali mawili yanayoshikamana. Kwanza, je, kuitamani jana ni kosa la kimaadili, ni haki ya kila mtu, au ni jambo lenye masharti? Pili, je, mwandishi asiye na msimamizi ana wajibu gani kwa wale anaowakumbuka na kwa wale watakaomsoma? Hoja itakayotetewa ni kwamba shauku ya jana si dhambi wala si fadhila. Ni ushahidi, na kama ushahidi wowote ule, ubora wake hutegemea ikiwa anayeutoa yuko tayari kuulizwa maswali.

2.0 Dhana ya Shauku ya Jana

Kiswahili kina maneno mengi yanayoizunguka dhana hii bila neno moja linaloimiliki. Kuna hamu, kuna shauku, kuna majonzi, kuna ukiwa. Katika makala haya istilahi "shauku ya jana" itatumika kwa maana ya hamu yenye uchungu ya kurudi katika wakati uliokwisha kupita.

Katika lugha za Ulaya, jina la dhana hii lilizaliwa hospitalini kabla ya kuingia katika fasihi. Mnamo 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, Uswisi, aliunganisha neno la Kiyunani lenye maana ya kurudi nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, ili kuupa jina ugonjwa aliouona kwa watu waliokaa mbali na kwao. Wakati huo ugonjwa ulikuwa wa mahali, na dawa yake ilijulikana: mgonjwa arudishwe kwao. Baadaye maana ilihama kutoka mahali hadi wakati. Hapo ndipo dawa ilipopotea, kwa kuwa chombo cha kumrudisha mtu katika mwaka wake wa kumi hakijaundwa.

Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mustakabali wa shauku hii, aliigawa katika aina mbili. Ipo shauku inayotaka kuijenga upya jana kama ilivyodhaniwa kuwa, na ipo inayotafakari juu ya kupotea kwake bila kudai irejeshwe. Ya kwanza haijioni kuwa shauku. Hujiita ukweli na mila. Ya pili hujua kwamba inacheza na vipande. Mgawanyo huu una manufaa, lakini haujitoshelezi. Boym anaeleza namna mtu anavyoikumbuka jana. Jambo ambalo bado lahitaji kuulizwa ni jana ya nani inayokumbukwa, na ni nani aliyelipia gharama yake.

3.0 Teknolojia na Maombolezo

Kila chombo kipya cha mawasiliano kimekuja na waombolezaji wake. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anasimulia kisa cha mfalme wa Misri, Thamus, aliyeletewa zawadi ya maandishi na Theuth. Mfalme hakuipokea kwa furaha. Alihofia kwamba watu wakishaandika watakoma kukumbuka, na watajidhania wenye hekima ilhali wamebeba mfano wake tu. Kisa hiki chenyewe kimefika vizazi vya leo kwa sababu Plato alikiandika. Kwa hiyo lawama dhidi ya maandishi imehifadhiwa na maandishi, kama ambavyo leo lawama dhidi ya intaneti inasomwa katika intaneti.

Ingekuwa rahisi kuwacheka waombolezaji hao. Lakini uchunguzi wa kile wanachokililia huonyesha kwamba kwa kawaida si chombo. Mfano wa barua utafaa kufafanua jambo hili, kwa kuwa ni mojawapo ya mada zinazorudiwa mno katika insha za kumbukumbu nchini Kenya.

Barua ya familia ya mashambani haikuwa jambo la watu wawili. Jamaa nyingi hazikuwa na sanduku lao la posta. Zilitumia lile la shule au la kanisa. Barua ilipofika ilipitia mikononi mwa mwalimu, ikaitwa jina mbele ya wanafunzi wakati wa gwaride, ikabebwa nyumbani ndani ya daftari, kisha ikasomwa kwa sauti na mtoto wa shule ya msingi mbele ya nyanya asiyejua kusoma. Aliyeandika mjini alijua haya yote. Ndiyo maana alianza kwa kuuliza afya za watu wote, akathibitisha kwamba yu buheri wa afya, na kulificha lile alilotaka hasa kusema katika aya ya mwisho, kwa maneno ambayo mtoto angeyasoma bila kuyaelewa na nyanya angeyaelewa bila kuelezwa. Huo ulikuwa umbuji wa hali ya juu, na haukufundishwa na mtu yeyote darasani.

Mtu anapoandika leo kwamba anaitamani barua, anachokitamani ni kile kikao. Anaitamani sauti yake mwenyewe ikisoma na uso wa nyanya ukisikiliza. Karatasi, stempu na bahasha ni mabaki ya kikao hicho tu. Tangu Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya, fedha zilizokuwa zikitumwa kwa mani oda au kupitia kwa utingo wa basi hufika kwa dakika moja. Pamoja na wepesi huo, limetoweka lile sharti la kuandika mistari michache ya kuzisindikiza.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Barua hiyo hiyo ilileta habari za msiba baada ya maziko. Mke aliyeachwa nyumbani hakuweza kumwandikia mumewe jambo la siri bila kijiji kujua. Nyanya aliyesomewa hakuwa na njia ya kuhakikisha kwamba alichosomewa ndicho kilichoandikwa. Insha inayosifu barua na kuyanyamazia haya haisemi uongo. Kila sentensi yake yaweza kuwa kweli. Kosa lake ni la aina nyingine. Imemhoji shahidi mmoja na kumwacha nje mwingine aliyekuwa akingoja mlangoni.

4.0 Magofu ya Pate: Mfano wa Al-Inkishafi

Fasihi ya Kiswahili haina haja ya kwenda ng'ambo kutafuta kielelezo cha namna shauku ya jana inavyoweza kuwa tafakuri ya kimaadili. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate katika enzi ambayo utukufu wa mji huo ulikuwa umezimika, unaushughulikia upotevu kwa namna ambayo bado haijapitwa na wakati.

Mshairi anauelekeza moyo wake uyatazame majumba ya waungwana wa Pate. Anayaeleza jinsi yalivyokuwa: taa, vyombo vya kaure, vitanda vya fahari, watu waliotembea kwa maringo. Kisha anayaonyesha yalivyo: popo na buibui wamekuwa wenyeji, kimya kimechukua nafasi ya mazungumzo. Wahakiki wengi wameusoma utenzi huu kama mahubiri juu ya upuuzi wa dunia, na usomaji huo ni sahihi. Lakini ni muhimu kutambua kwamba mahubiri yenyewe yasingekuwa na nguvu kama mshairi asingeupenda mji ule. Anachukua muda kuieleza fahari kwa undani ambao mtu aliyeichukia asingeujua. Shauku ipo, na inaachwa ionekane. Tofauti ni kwamba haipewi neno la mwisho. Inageuzwa kuwa swali ambalo moyo unatakiwa kulijibu kuhusu mwenendo wake wenyewe: kama wale walikwisha, wewe wajidanganya na nini?

Hapa pana kipimo cha kwanza. Shauku ya jana inakuwa na thamani ya kimaadili pale inapomrudia mwenye kukumbuka kama swali juu ya maisha yake ya leo. Insha nyingi za siku hizi hufanya kinyume. Huitumia jana kama fimbo ya kuwachapia vijana: sisi tulicheza nje, wao wanakodolea skrini; sisi tuliwaheshimu wazee, wao hawajui salamu. Katika insha hizo anayekumbuka hahukumiwi kwa lolote. Hali ya kuwa ni kizazi chake ndicho kilichonunua hizo simu, kikawapa watoto ili wanyamaze, kikauza viwanja vya michezo vikajengwa maduka.

Hata hivyo, Al-Inkishafi nao una mpaka wake. Macho ya mshairi yako kwa wenye majumba zaidi ya yalivyo kwa waliowatumikia. Ustawi wa miji ya pwani ulitokana na biashara, na sehemu ya biashara na kazi hiyo ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Aliyezibeba zile taa na aliyeyafagia yale majumba wangekuwa na kumbukumbu yao ya Pate, na pengine wasingelia mbele ya magofu. Ilibidi fasihi ingoje muda mrefu kabla ya upande huo kupewa nafasi pana, kama alivyofanya Shafi Adam Shafi katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ambamo kasri linatazamwa kutoka jikoni na shambani badala ya kutoka barazani.

Kipimo cha pili, basi, ni hiki: anayeitamani jana hana budi kuuliza ni nani mwingine aliyeishi ndani yake, na kama naye angependa kurudi.

5.0 Gharama ya Kalamu Huru

Yaweza kudhaniwa kwamba uandishi usiopitia kwa mchapishaji ni uzushi wa intaneti. Historia ya Kenya inakanusha dhana hiyo. Mnamo 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alianzisha mjini Mombasa gazeti dogo la Kiswahili aliloliita Sahifa, yaani ukurasa. Mnamo 1932 lilifuatwa na Al-Islah, lililotoka kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadaye baadhi ya maandishi hayo yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Hazikuwa kurasa za serikali wala za wamisheni. Zilikuwa za mtu mmoja aliyeona mambo yanayowasibu watu wake na kuamua kuyasema: elimu, lugha, mavazi, anasa za arusi, na namna ya kuupokea ustadi wa Wazungu bila kuwaiga katika kila kitu.

Jambo linalohusiana moja kwa moja na mada hii ni msimamo wake kuhusu jana. Sheikh Al-Amin alikuwa na kila sababu ya kuisifia, kwani alitoka katika ukoo uliopata kuitawala Mombasa. Pamoja na hayo, aliwakemea wenzake waliojivunia utukufu wa mababu huku wao wenyewe wameketi. Kwake, jana tukufu ilikuwa deni. Aliyeirithi bila kuifanyia kazi alikuwa kama mtu anayeonyesha hati ya shamba ambalo magugu yamekwisha kulimeza.

Uhuru wa aina hii ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo iliongezeka baada ya uhuru wa nchi. Mnamo 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa kisiasa uitwao Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa mikono. Kwa ajili yake alifungwa jela tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine yakiandikwa kwa siri juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki.

Tukio hili linapaswa kuwekwa kando ya kumbukumbu tamu za redio. Wako wanaoandika kwa mapenzi juu ya miaka ambayo nchi nzima ilisikiliza idhaa moja, ikacheka kwa pamoja, ikasubiri kadi za salamu zisomwe kwa pamoja, na ikaulizwa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela kama jambo fulani lilikuwa ungwana. Ni kweli kwamba kulikuwa na umoja fulani wa masikio. Lakini masikio yalikuwa pamoja kwa sababu hayakuwa na pengine pa kwenda. Sauti ya Kenya ilikuwa ya serikali, na ilivamiwa na waasi asubuhi ya Agosti 1, 1982, kwa kuwa aliyeishika hiyo alikuwa ameishika sauti ya nchi. Hadi kufikia katikati ya miaka ya 1990 hapakuwa na kituo cha binafsi cha kushindana nayo. Kwa hiyo anayeitamani redio moja kupitia insha aliyoichapisha mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu, anaitamani hali ambayo pengine isingemruhusu kuandika. Hilo halimzuii kuitamani. Linamtaka tu alijue.

Wala isidhaniwe kwamba gharama hiyo imekwisha. Nchini Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka hata waandishi binafsi wa intaneti kukata leseni kwa ada ambayo wengi wao hawakuimudu, na baadhi walinyamaza. Nchini Kenya, sheria ya mwaka huo huo kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta ilipingwa mahakamani kwa hoja kwamba ilitishia uhuru wa kujieleza. Kalamu inayojitegemea haijawahi kuwa huru kwa maana ya kutokuwa na bei. Kinachobadilika ni nani anayeitoza.

6.0 Mwandishi Bila Mhariri

Mhariri ana sura mbili. Kwa upande mmoja ni bawabu: huwazuia wengi wanaostahili kuingia, mara nyingi kwa sababu za soko, lugha au siasa. Kwa upande mwingine ni msomaji wa kwanza, anayemwuliza mwandishi maswali ambayo mwandishi hakujiuliza. Uandishi wa kujitegemea umemwondoa bawabu. Umemwondoa pia muuliza maswali, na nafasi yake haijazibwa.

Pengo hili linaonekana wazi kabisa katika kumbukumbu za kibinafsi. Hakuna mtu mwenye utoto wa peke yake. Anayeandika juu ya nyumba aliyokulia anaandika pia juu ya mama, baba mlevi, jirani aliyefumaniwa, yaya aliyefukuzwa. Hao hawakuombwa idhini. Wengine wamekufa, wengine hawajui kwamba wameandikwa. Zamani, kisa cha jirani kikisimuliwa barazani, kilififia pamoja na wasimulizi wake. Kikiandikwa katika intaneti, chaweza kumfuata mjukuu wa jirani huyo hadi anapoomba kazi. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba, kwa masharti fulani, mtu ana haki ya kudai mitambo ya kutafutia habari isiyaonyeshe tena mambo yake ya zamani. Uamuzi huo ulikuwa ukiri wa kisheria wa jambo ambalo baraza lilikwisha kulijua: kusahau nako kwaweza kuwa wema.

Hata hivyo, kunyamaza kabisa si jawabu, kwa kuwa kimya nacho humlinda mwenye nguvu. Mfano wa Binyavanga Wainaina (1971-2019) unaonyesha njia ya tatu. Insha yake Discovering Home, inayosimulia safari kutoka Cape Town hadi kwa jamaa zake Kenya na Uganda, ilichapishwa kwanza katika intaneti, na ndiyo iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? lilianza. Hapo mtu aliyepuuza maandishi ya intaneti kwa sababu hayakupimwa na mchapishaji alikuwa amekosa kuona mwanzo wa jambo kubwa katika fasihi ya Kenya. Mnamo Januari 2014 mwandishi huyo alichapisha, tena katika intaneti, kile alichokiita sura iliyopotea ya kumbukumbu zake, ambamo alitangaza kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia yake. Katika sura hiyo anajiona kando ya kitanda cha mama yake aliye mahututi, akimwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia.

Maoni ya wasomaji juu ya tangazo hilo yaligawanyika sana. Kwa madhumuni ya makala haya, jambo la kuzingatiwa ni la kifani na kimaadili kwa pamoja. Mwandishi anamweleza msomaji bayana kwamba mambo hayakutokea hivyo. Mama alifariki kabla hajafika. Jana inayoandikwa ni ile ambayo ingepaswa kuwako. Kwa kulikiri hilo waziwazi, mwandishi ameitumia shauku bila kumdanganya yeyote, na siri aliyoifichua ni yake mwenyewe. Kipimo cha tatu kinatokana na hapa: mwenye kukumbuka ana uhuru wa kubuni, mradi asiufiche ubunifu wake ndani ya vazi la ushahidi, na ana uhuru wa kufichua, mradi aanze na mlango wa chumba chake kabla ya kufungua wa jirani.

7.0 Nani Ahifadhi?

Limebaki swali la hatima ya maandishi haya. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na mchapishaji. Tungo zake zilizungumzia siasa za mji, mapenzi, njaa na majirani, na zilienea midomoni mwa watu. Zilisalia kwa sababu Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alizikumbuka na kuzikusanya, na kwa sababu mmisionari W. E. Taylor alishirikiana naye kuzinakili. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akazitolea uchambuzi wa kina. Kati ya kifo cha mshairi na chapa ya kwanza ilipita karne nzima, na katika sehemu kubwa ya mwanzo wa karne hiyo dhamana ilikuwa kumbukumbu za watu waliompenda.

Maandishi ya intaneti yanadhaniwa kuwa ya milele. Hali halisi ni tofauti. Huduma ya GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na kuwawezesha watu wa kawaida kujitengenezea kurasa zao, ilifungwa Oktoba 2009. Kurasa zilihesabiwa kwa mamilioni. Zilizookolewa ziliokolewa na watu wa kujitolea na taasisi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996. Waandishi wake walidhani wana nyumba. Kumbe walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba alipoona kodi hailipi aliibomoa. Insha ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu ambaye amefariki, katika ukurasa ambao ada yake haijalipwa tena, iko katika hatari kubwa kuliko shairi la Muyaka, kwa kuwa hakuna aliyeihifadhi moyoni.

Yamkini itajibiwa kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo haina thamani. Jibu hilo lina ukweli. Hata katika Mombasa ya Muyaka bila shaka walikuwako watungaji wengi ambao hakuna aliyeona haja ya kuwakumbuka. Lakini Mwalimu Sikujua alichagua baada ya kusikiliza. Kinachofanyika sasa ni kwamba uchaguzi unaachiwa ankara isiyolipwa, na ankara haina masikio. Tena, yapo mambo ambayo hayawezi kupatikana katika riwaya zilizochapishwa: jinsi barua ilivyosomwa gwarideni, maneno ya utingo, bei ya betri za redio. Mwanahistoria wa kesho atayatafuta kwanza katika insha hizo, zenye makosa yake ya tahajia na majonzi yake yaliyozidi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuitamani jana si kosa la kimaadili kwa namna yake, na kwamba methali mbili zilizotajwa mwanzoni zinaweza kukaa pamoja. Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili si picha moja iliyopigwa kutoka upande wa barazani. Yaliyopita si ndwele, lakini yajayo hayawezi kugangwa na mtu asiyejua ni wapi aliumizwa na ni nani aliyemwumiza mwenziwe kwa niaba yake. Vipimo vitatu vimependekezwa: kumbukumbu imrudie mwenyewe kama swali, iwaulize wengine walioishi ndani yake, na isivishe ubunifu vazi la ushahidi. Vipimo hivi havihitaji mhariri. Vinahitaji mwandishi anayekubali kuwa mhariri wake mwenyewe, kazi ambayo ni ngumu kuliko kuandika.

Kwa upande wa wahakiki, wajibu ni wa aina mbili. Wauhakiki uandishi huu kwa ukali ule ule unaotumiwa kwa riwaya na diwani, kwa kuwa kuuhurumia ni njia nyingine ya kuudharau. Aidha, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zianze kuukusanya, kwa idhini ya wenyewe pale wanapopatikana, na kwa kuheshimu wale wanaoomba wasahauliwe. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Mwalimu Sikujua aliifanya kwa kusikiliza, na wanafunzi wa leo wanaweza kuianza kwa kusoma. Lisipofanyika hilo, itabaki kuulizwa kwa haki kama wahakiki walioyapuuza maandishi haya kwa kuwa hayakuchapishwa wangalimpokea Muyaka, lau angalifika mlangoni pao na shairi lake mdomoni.